Namba ya kwanza ya virusi ina watu wawili ndani yake

Tangu misaada ya kimataifa ya mapambano dhidi ya UKIMWI ilipotikiswa mwanzoni mwa 2025, nimeanza kuisikia tena hoja niliyodhani ilishazikwa miaka 10 iliyopita. Inasema hivi: kama dawa na vipimo havitawatosha wote, basi watangulizwe wale ambao kipimo chao cha kwanza kimeonyesha virusi vingi kwenye damu. Wenye virusi vichache wasubiri kidogo, maana miili yao inajiweza. Wanaoisema si watu wabaya. Wengi wao wanahangaika na upungufu ambao hawakuusababisha, na wanatafuta namna ya kugawa kidogo kilichopo bila upendeleo. Lakini hoja yenyewe imesimama juu ya namba moja iliyosomwa vibaya, na kuisoma vibaya si tatizo la wapangaji peke yao. Wagonjwa huisoma hivyo, familia zao huisoma hivyo, na wakati mwingine hata anayewakabidhi majibu.

Msimamo wangu ni huu. Wingi wa virusi katika wiki na miezi ya mwanzo ya maambukizi ya VVU si cheti cha uimara wa mwili wa mtu. Ni matokeo ya kukutana kwa pande mbili zenye historia tofauti: mwili uliopokea, pamoja na vinasaba ulivyorithi kwa wazazi, na kirusi kilichoingia, pamoja na alama za miili yote kilimopita. Ukiusoma upande mmoja na kuusahau wa pili, namba hiyo haisemi tena kile unachodhani inasema. Kuitumia kuamua nani aanze dawa na nani asubiri ni kosa la kisayansi kabla hata halijawa kosa la haki.

Ili tuelewane, turudi kwenye siku za mwanzo zenyewe. Kwa takriban siku 10 baada ya kuingia, kirusi huzaliana mahali kilipopenyea na kwenye tezi za jirani, na vipimo vya kawaida vya damu havioni kitu. Kisha hulipuka. Picha iliyo wazi zaidi ya mlipuko huo ilitokana na utafiti uliofanyika Kenya, Tanzania, Uganda na Thailand, uliochapishwa 2016. Watu waliokuwa katika hatari kubwa ya kuambukizwa walikubali kutoa matone ya damu mara mbili kwa wiki, wiki baada ya wiki, ili atakayeambukizwa agundulike akiwa bado mwanzoni kabisa. Kwa watu 50 waliofuatiliwa kwa karibu namna hiyo, virusi vilifika kileleni siku ya 13 hivi tangu vilipoonekana kwenye damu kwa mara ya kwanza, na kilele cha mtu wa katikati kilikuwa takriban nakala milioni 5 za kirusi kwa mililita ya damu. Kufikia siku ya 31 zilikuwa zimeporomoka hadi kama 20,000, bila kidonge hata kimoja. Kufikia siku ya 42 zilitulia karibu na 25,000. Dalili za mwilini zilikuwa chache, na nyingi zilijitokeza muda mfupi kabla ya kilele, kisha zikapita.

Hicho kiwango cha kutulia ndicho kiini cha habari yote. Wapo ambao virusi vyao hutulia chini ya nakala 50, hata vipimo vingi visivione, na wapo ambao hutulia juu ya milioni moja, ilhali wote wameambukizwa aina ileile ya kirusi na hakuna aliyemeza dawa. Mwaka 1996 mtafiti John Mellors na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, walionyesha kwamba kiwango hicho kinatabiri nani atafika kwenye UKIMWI mapema na nani atachelewa. Mwaka 2000 utafiti wa wilaya ya Rakai, Uganda, uliofuatilia wenza 415 ambao mmoja wao alikuwa na VVU na mwingine hana, ukaonyesha kwamba kila nakala zikiongezeka mara 10, uwezekano wa kumwambukiza mwenza uliongezeka karibu mara 2 na nusu, na kwamba kwa wale waliokuwa na nakala chini ya 1,500 hakukuonekana maambukizi hata moja. Kwa hiyo sidai kwamba namba haina maana. Ina maana kubwa, na ndiyo sababu inauma ikisomwa vibaya.

Kosa la kwanza ni la tarehe. Mtu yuleyule, mwenye kinga ileile na kirusi kilekile, anaweza kuwa na nakala milioni 5 leo na 20,000 wiki tatu baadaye. Ukimpima mara moja tu bila kujua aliambukizwa lini, umepima kina cha mto bila kuuliza kama ni masika au kiangazi. Hapa ndipo udanganyifu mwingi hupata nafasi. Mtu akigundulika karibu na kilele, akapewa kinywaji fulani cha mitishamba, akapima tena baada ya mwezi, ataona virusi vyake vimepungua zaidi ya mara 100. Atatoa ushuhuda kwa moyo wake wote, na hatakuwa amesema uongo kuhusu alichokiona. Hakuambiwa tu kwamba kushuka huko hutokea kwa karibu kila mtu, kwamba ni kazi ya seli zake mwenyewe, na kwamba hakuendelei hadi kwenye uponyaji. Kunasimama kwenye kile kiwango cha kutulia, na kuanzia hapo uharibifu unaendelea kimyakimya.

Sasa tuuangalie upande wa mwili. Karibu kila seli yetu ina molekuli ziitwazo HLA, ambazo huchukua vipande vya protini zilizomo ndani ya seli na kuvitoa nje ya ukuta wake vionekane. Seli za ulinzi za CD8 hupita zikivikagua. Zikikuta kipande cha kirusi, huiua seli hiyo kabla haijatoa virusi wapya. Molekuli hizi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na tofauti hiyo inaamua ni vipande gani vya kirusi vitatolewa nje. Wenye HLA-B57 au B27 hutoa vipande vya Gag, protini inayojenga gamba la kirusi, tena sehemu ambazo kirusi hakiwezi kuzibadilisha bila kudhoofika. Kwa hiyo kiwango chao cha kutulia, kwa wastani, huwa chini. Wenye baadhi ya aina za B35 huwa na bahati ya kinyume. Mfano unaonishangaza kila ninapoukumbuka ni wa B58:01 na B58:02, ambazo zinatofautiana kwa amino asidi (vijenzi vya protini) 3 tu, lakini tafiti za Durban, Afrika Kusini, zilikuta ya kwanza inaambatana na virusi vichache na ya pili na virusi vingi. Mtu anaweza kula vizuri, kulala vizuri na kumcha Mungu. Amino asidi hizo 3 hakuzichagua.

Mengine ya upande huu nitayapitia haraka. Ipo hitilafu ya jeni ya CCR5, mlango ambao kirusi hupitia kuingia kwenye seli. Mwenye nakala mbili za hitilafu hiyo ni vigumu sana kuambukizwa, na mwenye moja virusi vyake huwa vichache kidogo, ila hitilafu hii iko zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya na ni adimu mno kwa Waafrika. Yapo magonjwa mengine yanayoiamsha kinga na hivyo kukipa kirusi seli zaidi za kushambulia. Utafiti wa Malawi uliochapishwa 2005 ulikuta malaria ikikaribia kuongeza wingi wa virusi maradufu kwa muda. Kifua kikuu nacho huupandisha. Umri upo, jinsia ipo, na nitarudi kwenye jinsia kwa sababu ndiyo inayoivunja hoja ya kusubiri.

Wanaoamini kwamba mwili ndio unaoamua kila kitu wana ushahidi, lakini ushahidi wao una mipaka. Uchunguzi mkubwa wa vinasaba vyote uliochapishwa 2015, wa zaidi ya watu 6,000 wenye asili ya Ulaya, ulikadiria kwamba urithi wa mwili unaeleza takriban asilimia 25 ya tofauti za kiwango cha kutulia kati ya mtu na mtu. Robo si kidogo; katika magonjwa ya kuambukiza ni nyingi. Hata hivyo ni robo. Tena ni robo iliyopimwa kwa watu wa bara ambalo halibebi sehemu kubwa ya mzigo huu. Kati ya watu milioni 40.8 waliokadiriwa kuishi na VVU mwishoni mwa 2024, zaidi ya nusu wako mashariki na kusini mwa Afrika, ambako aina za HLA ni nyingine na aina za kirusi ni nyingine.

Upande wa pili ni kirusi chenyewe, na huu ndio husahaulika. Ushahidi wa mapema ulitoka Sydney, Australia, ambako mchangiaji mmoja wa damu aliyekuwa na VVU bila kujua aliwaambukiza watu kadhaa kupitia damu yake. Miaka ilipita na wengi wao hawakuonyesha dalili za kudhoofika kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1995 sababu ilielezwa: kirusi walichokipokea wote kilikuwa kimepoteza sehemu ya jeni iitwayo nef. Watu wenye vinasaba tofauti walipata nafuu inayofanana kwa sababu waligawana kirusi kilekile chenye kilema. Tafiti zilizowafuatilia waambukizaji na waambukizwa, ikiwemo Rakai, zimekuta kwamba aliyeambukizwa na mtu mwenye kiwango cha juu huelekea kuwa na kiwango cha juu naye, na zinakadiria kwamba takriban theluthi moja ya tofauti tunazoziona imo ndani ya kirusi na inahama nacho. Uganda, walioambukizwa aina D walidhoofika haraka kuliko wenye aina A. Na Februari 2022 watafiti walitangaza kundi la watu 109, karibu wote nchini Uholanzi, waliokuwa na mlolongo wa kirusi ulioitwa VB. Wingi wa virusi vyao ulikuwa mara 3.5 hadi 5.5 ya wenzao, na seli zao za CD4, zile za kinga ambazo VVU huzishambulia, zilipungua kwa kasi maradufu. Watu hao hawakuwa na kinga dhaifu. Walikutana na kirusi kikali. Walipoanza dawa, afya yao ilirejea kama ya wengine.

Mtu anaweza kusema basi, robo ya mwili na theluthi ya kirusi, tujumlishe tuone kinachobaki. Haijumlishwi hivyo, na hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, kwa sababu pande hizi mbili zimeandikana. Chukua mtu mwenye B57. Kinga yake inakishambulia kirusi mahali pabaya kwacho, na ili kupona, kirusi kinabadilisha amino asidi kwenye gamba lake na kukimbia. Kimeokoka, lakini sasa kinachechemea. Kikihamia kwa mwenza asiye na B57, kinaingia kikiwa bado kinachechemea. Ndicho watafiti waliofuatilia wenza wa Lusaka, Zambia, walichokikuta na kukichapisha 2008: waliopokea virusi wenye mabadiliko ya aina hiyo kwenye Gag walikuwa na kiwango cha chini cha virusi, ingawa wenyewe hawakuwa na HLA ile nzuri. Kinga iliyowasaidia mwanzoni ilikuwa ya mtu mwingine.

Kinyume chake kipo pia, na ni cha kuhuzunisha. Mama mwenye B27 ambaye kirusi chake kimeshajifunza kuikwepa B27 anaweza kumwambukiza mtoto aliyerithi B27 hiyohiyo. Kwenye karatasi ya vinasaba mtoto huyo anaonekana mwenye bahati. Ukweli ni kwamba silaha aliyorithi kwa mama imeshafutwa na kirusi alichokipata kwa mama huyohuyo. Jambo hili limeelezwa tangu 2001. Likizidishwa kwa kizazi kizima linabadilisha hata takwimu za nchi: uchunguzi uliochapishwa 2014, uliolinganisha Botswana na Durban, uliona kwamba Botswana, ambako maambukizi yalikuwa mengi zaidi na ya muda mrefu zaidi, kirusi kilikuwa kimezoea HLA za watu kiasi kwamba B57 na B58:01 hazikuonekana tena kuleta nafuu. Molekuli zilezile zinazoitwa njema mahali pamoja zilikosa wema wake mahali pengine. Sasa mtu akiniuliza, "Je, kinga yangu ni nzuri?", jibu la kweli ni kwamba inategemea kirusi chako kilitoka kwa nani, na huyo alikuwa na kinga gani, na aliyekuwa kabla yake je. Hakuna mwili unaoweza kupewa alama peke yake.

Ongeza juu ya hapo sehemu ya bahati tupu. Katika maambukizi ya ngono kati ya mwanamume na mwanamke, takriban mara 8 kati ya 10, maambukizi yote huanzishwa na kirusi kimoja tu kilichofanikiwa kupenya, miongoni mwa mamilioni yenye tofauti ndogondogo yaliyokuwemo kwa mwenza. Kimoja hicho ndicho baba wa vyote vitakavyofuata. Kama kilikuwa kikali au kilikuwa kinachechemea, hilo limeamuliwa kwa sehemu na ushindani na kwa sehemu na nasibu.

Yapo mabishano ya haki juu ya maana ya haya yote, na si haki kuyapita. Kuna wanaosema VVU vinapoa, na kwamba kirusi cha leo si kile cha miaka ya 1980. Wana kitu mkononi: matokeo ya Botswana niliyoyataja, kwa kuwa kirusi kilichojibadilisha kuzikwepa HLA huweza kuchechemea, na uchambuzi wa Rakai unaoonyesha kiwango cha kutulia kikishuka kidogo kati ya 1995 na 2012, aina D ikipungua na A ikiongezeka. Lakini ni katika kipindi hichohicho ambapo VB ilikuwa inasambaa Uholanzi, ikielekea upande wa pili. Maelezo yanayonishawishi zaidi ni ya mtafiti Christophe Fraser na wenzake, waliotumia takwimu za Zambia na Amsterdam mwaka 2007. Kirusi kikiwa na wingi mdogo sana hakiambukizi. Kikiwa na wingi mkubwa sana kinaambukiza kwa urahisi lakini kinamuua mwenyeji wake mapema, kabla hakijafika mbali. Kinachosambaa zaidi ni cha katikati, kwenye makumi ya maelfu ya nakala, na ndipo hasa wengi wanapotulia. Hakuna sheria ya maumbile inayokilazimisha kupoa. Kinasukumwa kuelekea katikati, na hiyo katikati bado inaua asiyetumia dawa.

Hoja ya pili ni nzito kuliko zote, na naikubali kwa sehemu. Kama wingi wa virusi ndio unaosukuma maambukizi, kwa nini tusiwatangulize wenye vingi ili kuwalinda wenza wao? Ni kweli kwamba mtu aliye kwenye mlipuko wa mwanzo anastahili kuharakishwa, na wenza wake wafikiwe siku hiyohiyo. Pale ambapo kipimo cha kugundua kirusi chenyewe kipo, kitumike kwa anayeonyesha dalili za maambukizi mapya, kwa sababu vipimo vya kingamwili pekee vinaweza kumpa jibu la hapana katika siku zilezile anazoambukiza kuliko wakati wowote. Lakini hii ni hoja ya kuwaharakisha baadhi. Haijawahi kuwa hoja ya kuwachelewesha wengine. Namba ya asiyetumia dawa haisimami mahali pamoja. Leo ni 1,200, na baada ya homa ya malaria au kifua kikuu si hiyo tena. Tamko la Shirika la Afya Duniani la 2023, kwamba mwenye nakala 1,000 au chini ana hatari karibu na sifuri ya kumwambukiza mwenza kwa ngono, limewapa faraja ya haki mamilioni ambao virusi vyao vimefubazwa kwa dawa na wanapimwa mara kwa mara. Kulichukua tamko hilo na kumwambia mtu asiye na dawa arudi nyumbani ni kulipotosha.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo hiyo ya kusubiri, na ninaona inapasa kujibiwa moja kwa moja. Inadhani kwamba virusi vichache maana yake ni hatari ndogo, kwa kila mtu, kwa kipimo kilekile. Utafiti wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa 2001 uliwafuatilia wanaume na wanawake tangu walipoambukizwa. Wanaume walianza na nakala takriban 50,000 kwa mtu wa katikati, wanawake takriban 15,000. Kwa mantiki ya kusubiri, wanawake hao walikuwa salama zaidi. Hawakuwa. Walifika kwenye UKIMWI kwa kasi isiyotofautiana na ya wanaume. Mwili wa mwanamke hubeba virusi vichache mwanzoni na kupata madhara yaleyale. Weka mstari wowote unaotaka kwenye hiyo namba, iwe 30,000 au 50,000, na utakuwa umewasogeza wanawake nyuma ya foleni bila kuandika neno mwanamke popote kwenye mwongozo wako. Katika maeneo ambako wao ndio wengi wa wanaoambukizwa, huo ndio ungekuwa ubaguzi mkubwa kuliko wote, na ungefanyika kwa nia njema.

Hata tukiiweka jinsia pembeni, suala la kusubiri lilishajibiwa. Mwaka 2015 utafiti wa START, uliohusisha watu 4,685 katika nchi 35, wote wakiwa na CD4 zaidi ya 500, yaani watu ambao kwa macho ya zamani walikuwa wazima, ulionyesha kwamba walioanza dawa mara moja walipunguza hatari ya ugonjwa mkubwa au kifo kwa asilimia 57 kulinganisha na waliosubiri. Mwaka huohuo utafiti wa TEMPRANO nchini Ivory Coast ulifikia hitimisho la aina hiyo, na Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayegundulika aanze dawa bila kujali CD4. Zaidi ya hayo, kirusi hakisubiri kujificha. Kwa nyani waliopewa dawa siku ya 3 tu baada ya kuambukizwa, kabla hata kirusi hakijaonekana kwenye damu, hazina yake, yaani seli kinamojificha, ilikuwa imeshawekwa, na dawa zilipositishwa kiliibuka tena. Kila siku isiyo na dawa inaipanua hazina hiyo kwa binadamu, awe na nakala milioni au elfu moja.

Kuna jambo la kihesabu pia. Ili kuwapanga watu kwa wingi wa virusi kabla ya dawa, lazima uwapime wote kabla ya dawa. Hicho ni kipimo kisichohitajika ili kuanza tiba. Dawa zinaweza kutolewa bila kukisubiri. Mashine za kupima wingi wa virusi zina kazi moja zinayoifanya vizuri kuliko chombo kingine chochote: kuonyesha kama dawa zinafubaza virusi kwa mtu aliyekwisha kuanza, na kama hazifubazi, kumshtua yeye na mhudumu wake mapema. Kama vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ni vichache, viende huko. Hapo namba inasema jambo moja lililo wazi, kwa sababu tofauti zote za HLA, za nef na za nasibu zimefunikwa na dawa, na kinachobaki kuulizwa ni kama dawa zinafika kwenye damu na kama kirusi kinazitii.

Rafiki yangu mmoja alinionyesha majibu yake ya kwanza miaka michache iliyopita. Nakala 9,000 na kidogo. Alikuwa ameambiwa damu yake ina nguvu, akajivunia, na kwa miezi kadhaa hakuona haja ya kuanza chochote. Mwenza wake alikuwa na zaidi ya 200,000, na familia ilishaamua, kwa kuziangalia namba hizo mbili tu, nani alimletea mwenzake. Namba haziwezi kusema hilo. Mwenye nyingi anaweza kuwa ndiye aliyeambukizwa juzi, akiwa bado anashuka kutoka kileleni. Mwenye chache anaweza kuwa ndiye aliyekaa nacho miaka, akiwa na HLA iliyokilemaza. Kinyume chake kinawezekana vilevile. Wahudumu wanaokabidhi karatasi hizo wana dakika chache, na sidhani wanaweza kueleza amino asidi. Lakini wanaweza kusema sentensi mbili: kwamba namba hii haionyeshi ulipata lini wala kwa nani, na kwamba dawa tunaanza leo.

Kuna gharama moja ya msimamo huu na sina haja ya kuificha. Kadiri kila anayegundulika anavyoanzishiwa dawa mapema, ndivyo kiwango cha kutulia kinavyotoweka kama kitu cha kuonekana kwa macho. Karibu yote tunayoyajua kukihusu yalitoka kwa watu wa Rakai, Lusaka, Durban, Pittsburgh na Amsterdam ambao wengi wao walipimwa wakati dawa hazijawafikia au mwongozo haujawaruhusu kuzipata, na baadhi yao walikufa huku damu yao ikiendelea kuhifadhiwa. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya mtu na mtu bado haijapata maelezo, na wanaotafuta chanjo na tiba ya kudumu wanaihitaji sehemu hiyo. Itabidi waitafute kwenye sampuli zilizokwisha kuwekwa kwenye majokofu, na katika wiki ile moja au mbili kati ya kirusi kuonekana na kidonge cha kwanza kumezwa, kwa watu watakaokubali kutoa matone ya damu mara mbili kwa wiki. Majokofu hayo na tafiti hizo nazo zinalipiwa na fedha zilezile zinazoyumba sasa, na sijaona zikitajwa sana katika mijadala ya nini kiokolewe kwanza.